Shajara ya mradi: panya, presha na dawa inayopitia kichwani

12 Februari

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka leo, baada ya andiko kurudishwa mara mbili. Mara ya kwanza waliuliza kwa nini panya 48. Nikapunguza hadi 36, wakauliza kwa nini wasiwe wachache zaidi. Tumekubaliana 30. Nilinuna siku nzima, ila nikiwa peke yangu nakiri swali lao lilikuwa la haki: nilikuwa nimejiwekea panya wa akiba kwa ajili ya makosa yangu mwenyewe.

Niandike mradi wenyewe hapa mwanzo, nisije nikausahau huko mbele. Dawa nyingi za presha hufanya kazi nje ya ubongo: nyingine hulegeza mishipa, nyingine hutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo, nyingine hupunguza nguvu za moyo. Zipo chache zinazoshusha presha kwa kwenda kuzungumza na ubongo kwanza. Nimechagua mbili, klonidini na methildopa. Ninachotaka kuonyesha, kwa vifaa vya hapa kwetu Dar es Salaam, ni kwamba kweli zinapitia ubongoni. Jambo lenyewe lilithibitishwa zamani. Nataka kuliona kwa macho yangu, na kuona ni nini kinahitajika mtu aweze kulisema bila kubabaisha.

Chanzo ni dada yangu. Mimba yake ya pili ilimletea presha, kliniki wakampa Aldomet, ambayo ndiyo methildopa. Presha ikatulia, lakini akawa anasinzia ovyo. Akaniuliza, "Hivi hii dawa si ya mishipa? Mbona imenikamata kichwa?" Nikamjibu kwamba kichwani ndiko inakofanyia kazi. Akacheka: "Kumbe! Ndiyo maana ibada nzima nalala." Shirika la Afya Duniani limebakiza methildopa kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya presha ya ujauzito tu. Watu wazima wengine wameshahamia dawa mpya zisizowalaza.

25 Februari

Wiki mbili za kusoma, maana vifaa havijafika. Nimejikuta nawapenda paka wa mwaka 1967.

Klonidini ilitengenezwa mwaka 1962 na Boehringer Ingelheim, Ujerumani, kwa lengo la kuzibua pua. Katibu muhtasi mmoja pale kampuni alikuwa na mafua, akatiwa matone puani. Alilala karibu saa 24, presha ikiwa chini, mapigo ya moyo ya taratibu, mdomo umemkauka. Wengine wangeitupa dawa hiyo kapuni. Wao wakajiuliza kama kilichomwangusha yule mama hakiwezi kuwa tiba ya presha, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa sokoni kwa kazi hiyo.

Sasa ikawa lazima kueleza inafanyaje. Mwaka 1967 Sattler na van Zwieten waliipitisha kwenye ateri ya vertebra ya paka, ule mshipa unaopanda shingoni kupitia mifupa ya uti wa mgongo kwenda kulisha shina la ubongo. Dozi ndogo iliyopita hapo ilishusha presha vizuri kuliko dozi ileile ikipita kwenye mshipa wa kawaida. Mwaka huohuo Kobinger, huko Vienna, naye akaonyesha kwamba kiasi kidogo kikiwekwa ndani ya majimaji ya ubongo ya paka kinatosha kuiangusha presha. Mwaka uliofuata Henning na van Zwieten wakarudia kazi ya ateri ya vertebra kwa methildopa.

Ninachokipenda ni wepesi wa hoja yenyewe. Dawa ni ileile, dozi ni ileile, umebadilisha mlango tu. Ikiwa mlango ulio karibu na ubongo unahitaji dawa kidogo kuliko mlango wa mbali, basi kazi inafanyika ubongoni. Hakuna hesabu ngumu hapo. Mradi wangu wote umesimama juu ya hoja hiyo, na nimeshaanza kuogopa kwamba ni hoja rahisi kuielewa na ngumu kuitimiza.

10 Machi

Panya wawili wa kwanza, na nimeharibu wote wawili.

Nilifuata mwongozo wa nusukaputi uliobandikwa ukutani pale maabara tangu enzi: ketamini na zailazini, tumboni. Panya akalala vizuri. Nikaingiza kanula, mrija mwembamba, kwenye ateri ya shingo, nikaiunganisha na kihisi cha presha, mstari ukaanza kucheza kwenye kompyuta. Furaha niliyokuwa nayo! Nikampigia Profesa, msimamizi wangu, aje aone. Kisha nikadunga klonidini kwenye mshipa wa paja, nikakaa kusubiri.

Kimya. Mstari ulikuwa chini tangu mwanzo, mapigo ya taratibu tangu mwanzo, na klonidini haikuongeza lolote la kutajika. Nikadhani dawa imeharibika njiani. Panya wa pili, hivyohivyo.

Aliyenizindua ni rafiki yangu aliyesomea udaktari wa mifugo, alikuwa amepita tu kuniazima chaja. Akatazama meza, akaokota kichupa cha zailazini, akaniuliza: "Wewe unapima klonidini juu ya ndugu yake?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Zailazini ilitengenezwa na Bayer mwaka huohuo wa 1962, nayo walikuwa wanaitafutia kazi ya presha. Ililaza mno, wakaiachia mifugo. Inakamata vipokezi vilevile (vishikio vya seli ambavyo dawa hunasa) vinavyokamatwa na klonidini, vinavyoitwa alfa-2. Rafiki yangu anaitumia kila wiki. Anasema ng'ombe anahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya dozi ya farasi, na asiyelijua hilo atamlaza ng'ombe asiamke. Na kwamba madaktari wa wanyamapori huichanganya na etofini, dawa kali ya kulaza, wanapomdunga faru au tembo kwa bunduki ya dawa. Yaani siku nzima nilikuwa nabisha hodi kwenye mlango ambao tayari nilikuwa nimeshauingia mwenyewe.

Panya wawili. Nimeandika jina la kosa kwenye ukurasa wa mbele wa daftari kwa wino mwekundu. Mwongozo wa ukutani nimeubandua.

19 Machi

Kikao na Profesa. Nilimpendekezea yurethani, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwenye makala nyingi za presha ya panya: humlaza saa nyingi, na mwitiko wa neva unabaki hai. Ubaya wake ni kwamba husababisha saratani kwa wanyama, kwa hiyo ni glavu mbili, kabati la hewa, na panya haamshwi tena.

Hakunijibu. Alinyoosha mkono kwenye rafu akanipa makala ya mwaka 1982. Waandishi wake walikuwa wameonyesha kwamba yurethani hupunguza nguvu mwitiko wa moyo na mishipa unaotokana na vipokezi vya alfa-2 kwa panya. Vipokezi vyangu! Zailazini ilikuwa inanifanyia kazi kabla yangu, na yurethani ingenipinga kimyakimya.

"Hakuna usingizi usio na dhambi, binti," akasema. "Chagua dhambi unayoijua."

Tumekubaliana pentobabitali, dawa nyingine ya usingizi. Ni dawa inayodhibitiwa, kwa hiyo fomu, mihuri, na kabati la kufuli mbili.

3 Aprili

Umeme umekatika tangu asubuhi na jenereta ni la friji tu. Nimekaa na mwenzangu mmoja wa Moshi tukizungumza kuhusu rezepini, babu wa dawa zote hizi. Inatoka kwenye mmea wa jenasi ya Rauvolfia, na mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, ndiye aliyeandika kwenye jarida la Uingereza jinsi mzizi wake unavyoshusha presha. Rezepini humaliza akiba ya noradrenalini na wenzake, kemikali za kupeleka ishara, ndani ya neva, za mwilini na za ubongoni. Mtafiti Arvid Carlsson aliwapa sungura, wakawa kama sanamu, masikio yameanguka. Mwaka 1957 akaonyesha kwamba wakidungwa L-dopa, malighafi ambayo mwili hutengenezea kemikali hizo, huinuka tena. Dawa ya presha ndiyo iliyofungua mlango wa kuielewa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka.

Mwenzangu akanikumbusha kwamba msesewe, ambao Wachaga hutia gamba lake kwenye mbege, ni wa jenasi hiyohiyo, Rauvolfia caffra. Kicheko kikaanza: kumbe wazee wanaolala kilabuni wana udhuru wa kisayansi. Sisemi hivyo. Nimeandika tu kwamba ni ndugu, na undugu wa mimea si ushahidi wa dozi.

22 Aprili

Hatimaye kitu kimeonekana.

Panya wanne, pentobabitali, bomba dogo kwenye koo la hewa kwa sababu dawa hii hupenda kukata pumzi (mmoja wa nyongeza alinifia kabla sijafika mshipani, naye namhesabu). Klonidini ikapita kwenye mshipa wa paja. Kwanza presha IKAPANDA. Fundi wetu wa maabara akaniangalia kama mtu aliyenunua feni ikampulizia moto. Baada ya dakika chache ikaanza kuteremka, ikapita pale ilipoanzia, ikaendelea kushuka na kukaa huko muda mrefu, mapigo nayo yakapungua. Panya wote wanne, umbo lilelile.

Kupanda huko hakukunishangaza, nilikuwa nakungojea. Klonidini ikiwa ndani ya damu hugusa vipokezi vya alfa-2 vilivyo kwenye misuli ya mishipa yenyewe, ikaibana. Halafu, kwa kuwa ni dawa inayopenda mafuta, inapenya ubongoni haraka na kuanza kazi ya pili. Panya aliyenilalia mezani alikuwa anaonyesha dawa moja ikivuta kamba kutoka pande mbili, na ubongo ukishinda.

Fundi alitaka kujua ubongo unashusha vipi presha ya mwili mzima. Nilimweleza kwa daladala. Kwenye medula, sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, upande wa mbele, kuna kundi dogo la seli zisizonyamaza. Zinapiga kila wakati, usiku na mchana, zikituma ishara kupitia uti wa mgongo hadi kwenye neva zinazobana mishipa na kuuchochea moyo. Hizo ni kama konda anayegonga bodi ya gari: twende, twende, twende. Gari halisimami maadamu anagonga. Kwenye upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, na pale ateri ya shingo inapogawanyika kuna vihisi vinavyopima mishipa imevutika kiasi gani. Presha ikizidi, vinapeleka habari nyuma ya medula, na kutoka huko konda anaambiwa apunguze. Klonidini haimgusi dereva wala haikatii gari mafuta. Inamnyamazisha konda.

Fundi akauliza, "Na akinyamaza kabisa?" Hilo nalo limeshafanyiwa kazi. Mwaka 1974 Guertzenstein na Silver waliweka glisini, kitu kinachotuliza seli za neva, juu ya eneo dogo pande zote mbili za uso wa mbele wa medula ya paka. Presha ilianguka hadi kiwango cha mnyama aliyekatwa uti wa mgongo.

14 Mei

Mlango wa pili. Nilikuwa nimepanga kudunga kwenye chumba cha pembeni cha ubongo, kwa kutoboa fuvu. Profesa akanirudisha kwenye ramani: kutoka chumba cha pembeni hadi medula ni safari, na dawa inayopenya mafuta itakuwa imeshavuja kwenda kwenye damu kabla haijafika. Kwa hiyo tumehamia kisimani, ile nafasi yenye majimaji chini ya kisogo, mahali palepale Kobinger alipolenga kwa paka wake. Kichwa cha panya kinainamishwa, sindano nyembamba inapita kati ya mfupa wa kisogo na pingili ya kwanza ya shingo. Ukizidisha milimita moja umechoma medula yenyewe na kazi imekwisha. Nimefanya mazoezi kwa panya waliokwisha kufa kwa wiki nzima, hadi nikawa nausikia ule mlegeo sindano inapopenya utando.

Panya watano. Dozi nimeifanya ndogo kuliko ya mshipani, ndani ya mikrolita 10 tu. Mwisho wa kila jaribio nilidunga rangi ya buluu kupitia tundu lilelile, kisha nikafungua fuvu kuona ilikwenda wapi.

Kwa wanne, rangi ilitanda vizuri kuzunguka medula, na mstari wa presha ulikuwa na umbo jipya: hakuna kupanda. Unashuka moja kwa moja. Nilitazama kompyuta nikajikuta nimeshika mdomo. Kile kilima cha mwanzo, alama ya mishipa inayobanwa, hakikuwepo, kwa sababu dawa haikuwa na haja ya kupita kwenye mishipa.

Panya wa tano presha yake haikutikisika. Nilipofungua, rangi yote ilikuwa kwenye misuli ya shingo. Nilikuwa nimekosa. Mwanzoni nilisonya, lakini sasa naona ndiye panya mwenye faida kuliko wote, maana alipewa dozi ileile, sentimita chache tu kutoka kwa wenzake, nje ya ukuta wa ubongo, na hakikutokea kitu. Singeweza kumpanga kwa makusudi. Takwimu zake haziingii kwenye jedwali, ila maelezo yake yanaingia.

29 Mei

Nimelala vibaya. Jana usiku nilisoma kazi ya Feldberg na Guertzenstein ya mwaka 1972. Waliweka pentobabitali juu ya uso wa mbele wa medula ya paka, na presha ikashuka.

Pentobabitali. Dhambi niliyoichagua. Inamnyamazisha konda yuleyule ninayetaka kuona klonidini ikimnyamazisha. Haifuti nilichokiona, maana panya wote walikuwa na pentobabitali na tofauti ya milango bado ipo. Lakini maana yake ni kwamba kila panya wangu alianza akiwa na konda aliyekwisha choka. Ni kweli alivyosema Profesa: ili kuuliza swali kwa ubongo nimeulaza, na kila kinacholaza kinagusa jibu.

Kuna wenzetu waliolikwepa hili kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1996, Marekani, kundi la mtafiti Limbird lilibadilisha kiungo kimoja tu cha protini kwenye kipokezi cha alfa-2A, aina mojawapo ya alfa-2, cha panya wadogo. Klonidini ikapoteza uwezo wake wa kushusha presha kwao. Mjadala mrefu ulikuwepo kabla yake, kwani kundi la Bousquet huko Strasbourg lilikuwa limependekeza mwaka 1984 kwamba kuna vipokezi vingine vya aina ya imidazolini vinavyofanya kazi hiyo, na baadhi yao hawajauachia hadi leo. Mimi sina panya wa kubadilishwa jeni. Nina methildopa, na nina panya 18 walio macho.

20 Juni

Awamu ya pili: panya macho, presha inapimwa kwa mkanda mdogo mkiani. Nilidhani hii itakuwa mteremko.

Mkia ukipoa mshipa wake hujibana na kifaa hakisomi, kwa hiyo panya anapashwa joto kwanza. Watengenezaji wa kifaa wanaonekana kuishi kwenye baridi. Kwa joto la Dar tatizo letu ni la upande wa pili, panya wanahema. Halafu panya aliyebanwa kwenye bomba la plastiki kwa mara ya kwanza ana presha ya hofu, si presha yake. Siku sita za kuwazoesha tu. Mzee anayetunza banda, tunayemwita Babu, ndiye aliyenisaidia. Nilimkuta anawanong'oneza. "Shikamoo Babu, unawaambia nini?" "Marahaba mwanangu. Nawaambia wasikuogope wewe, waogope paka." Bila utani, wanaopimwa yeye akiwepo wanasomeka kwa urahisi zaidi, na sasa nimeweka sharti kwamba awepo kila mara.

11 Julai

Methildopa ni mjanja kuliko klonidini. Yenyewe haifanyi kitu. Umbo lake linafanana na asidi amino za chakula, kwa hiyo inapanda gari lao kuvuka ukuta kati ya damu na ubongo. Ikishafika ndani, kimeng'enya kinaikata, kingine kinaimalizia, na kinachozaliwa ni alfa-methili-noradrenalini. Hiyo ndiyo inayoshika vipokezi vya alfa-2. Shida ni kwamba kimeng'enya cha kwanza kipo pia nje ya ubongo. Sasa kiwanda kinachoshusha presha ni kipi, cha ndani au cha nje?

Henning alilitatua mwaka 1969 kwa panya, nami nafuata nyayo zake. Kabidopa huzuia kimeng'enya hicho lakini haivuki ukuta wa ubongo. Ukifunga kiwanda cha nje na presha bado ikashuka, cha ndani ndicho chenye kazi. (Kuna aliyenishauri nisage vidonge vya Parkinson vyenye kabidopa, nipunguze gharama. Vidonge hivyo vina levodopa, ile L-dopa, ndani yake. Asante, nimeshafanya kosa la aina hiyo mwezi Machi.)

Panya sita wamepata methildopa peke yake. Sita wengine kabidopa kwanza, nusu saa kabla. Kila mmoja alipimwa siku iliyotangulia akiwa na maji ya chumvi tu, kwa hiyo analinganishwa na nafsi yake. Makundi yote mawili yameshuka, taratibu, kilele kikiwa baada ya saa nne hivi, na kwa macho sioni tofauti kati yao. Hesabu rasmi bado.

Ila leo Babu amesema kitu ambacho sikukiwaza. Nilikuwa nikishangilia, yeye akasema: "Lakini mwanangu, hawa wamelala." Kweli. Walikuwa hawagombani na bomba, wamejilaza tu, kama dada kwenye ibada. Sasa presha imeshuka kwa sababu ya dawa, au kwa sababu panya mwenye usingizi hana hofu na mkanda wa mkiani? Kihisi kinachopandikizwa ndani ya mwili kingenijibu, na bei yake ni zaidi ya bajeti yangu yote. Nilichoweza leo ni kurudi kwenye video na kuanza kutoa alama za kutulia kwa kila panya, bila kujua ni wa kundi gani. Fundi ameficha namba.

30 Julai

Kundi la tatu linasubiri benserazidi, kizuizi kingine cha kimeng'enya kilekile. Kwa dozi ndogo nayo hubaki nje ya ubongo, kwa dozi kubwa hupenya na kufunga kiwanda cha ndani. Hapo ndipo methildopa inapaswa kushindwa. Nimeongeza siku moja ya kupima benserazidi peke yake, kwa kuwa kukifunga kimeng'enya hicho ubongoni kunazuia pia utengenezaji wa dopamini na noradrenalini ya panya mwenyewe, na sitaki kukamatwa mara ya tatu.

Wasafirishaji wanasema mzigo upo uwanja wa ndege, unasubiri karatasi. Video 7 kati ya 12 zimeshapewa alama. Panya sita wako bandani, Babu anaendelea kuwazoesha bomba kila asubuhi ili wasisahau. Dada amejifungua salama wiki iliyopita, wa kike, na Aldomet ameiacha kwa maelekezo ya daktari. Anasema bado anasinzia, ila sasa sababu ni nyingine.

Kesho: kupiga simu uwanja wa ndege tena, kisha video ya 8.